Keneli ni mise, si mchikichi

Juzi tena, pale Mwanga, Kigoma, nimesikia: "Linux imezikataa hizi mashine mpya, keneli yake mbovu." Msemaji ni fundi kijana aliyepewa mashine kumi na mbili azisakinishie Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa mkupuo, zijifanyie zenyewe kupitia mtandao. Mara ya nne mwezi huu nasikia hivyo.

Keneli ni programu inayokaa kati ya vyuma vya kompyuta na programu nyingine zote. Inagawa kumbukumbu, inapanga zamu za prosesa, inaongea na diski na kadi ya mtandao. Basi.

Neno lenyewe ndilo tamu. Waingereza wa kale walichukua jina la nafaka, corn, wakalidogosha likawa cyrnel, kijipunje. Baadaye likawa jina la chochote cha kuliwa kilichofichwa ndani ya gamba gumu. Sisi huku hatuhitaji kamusi. Chikichi ukishalikamua mawese, inabaki kokwa; igonge kwa jiwe, kile cheupe kinachochomoka ndiyo mise, na Mwingereza anaiita kwa neno hilohilo. Sasa nani Kigoma hii ameona mise akasema ameona mchikichi? Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991 alitoa mise tu. Nyama, gamba na shamba, yaani programu nyingine zote zinazoizunguka, vimetoka kwa wengine.

Tena kwenye usakinishaji mise ni mbili. Kuna keneli ya kuwashia, inayobeba kisakinishi (programu inayoweka mfumo kwenye diski), na keneli itakayobaki kwenye diski. Zinaweza kuwa za matoleo tofauti kabisa.

Kijana aliniuliza swali zuri: "Kaka, mbona mtandao ulikuwepo sasa hivi?" Kweli, mashine ilivuta keneli na initrd, kifurushi cha mafaili ambacho keneli hutumia inapoamka, kutoka kwenye seva, halafu kisakinishi kikadai hakioni kadi ya mtandao. Aliyevuta ni programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe, kabla keneli haijaamka. Keneli ikishika usukani inataka draiva yake, yaani programu ya kuongea na kadi hiyo, na kama ilitoka kabla ya kadi hiyo kuundwa, haina. Keneli mpya yenye draiva ipo kwenye seva, ila njia ya kuifikia ndiyo hiyo iliyokatika.

Dawa ni kubadilisha ya kuwashia, na hapo ndipo jasho lilipo. Moduli, yaani vipande vya keneli kama draiva, zilizo ndani ya initrd lazima ziwe za toleo lilelile la keneli; za toleo la 5.10 hazipandi kwenye 6.1. Kadi nyingine zinadai pia faili la fimuwea, programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Na ukiijenga keneli mwenyewe bila kuitia sahihi, Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokagua sahihi wakati wa kuwaka, inaigomea mlangoni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Linux haijakataa kitu. Sema keneli ya kuwashia ni ya zamani kuliko kadi. Kisha andika lspci -nn, amri inayoorodhesha kadi za mashine, unisomee namba za utambulisho wa kadi ya mtandao zilizo kwenye mabano.