Maana ya "baba" katika fasihi ya Kirusi

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na neno "baba" katika hadithi ya Kirusi hana budi kuliweka kando neno lake mwenyewe, kwani kwa Warusi baba ni mwanamke, na hasa mke wa mkulima. Kijijini lilikuwa neno la kawaida la kumtaja mwanamke aliyeolewa, lakini vinywani mwa waliosoma lilibeba dharau, na hadi leo mwanamume akiitwa baba huwa ameambiwa kwamba ni mwoga. Wakulima wenyewe walikuwa na methali isemayo kwamba kuku si ndege, na baba si mtu.

Katika uchambuzi wa jinsia, neno hili hutuelekeza kwenye picha ya mwanamke mkulima iliyochorwa, kwa sehemu kubwa, na wanaume wa tabaka la juu. Yeye mwenyewe kwa kawaida hakujua kuandika, na mpaka utwana ulipofutwa mwaka 1861, mamilioni ya wanawake kama yeye walikuwa chini ya milki ya makabaila pamoja na waume na watoto wao. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza mbele ya kila picha ya baba ni hili: nani anasema?

Mwaka 1792 mwandishi Karamzin, katika hadithi yake ya Liza maskini, alimweleza mjane anayemlilia mumewe, kisha akaongeza kwamba wanawake wa kikulima nao wanajua kupenda. Sentensi hiyo ina huruma ya kweli, lakini inatufunulia pia jinsi wasomaji wake walivyokuwa, maana haisemwi ila kwa watu wanaolitilia shaka jambo lenyewe. Katika miaka ya 1860 mshairi Nekrasov, katika shairi refu, alimwimba mwanamke wa kijijini anayemsimamisha farasi aliye mbioni na kuingia katika kibanda kinachoungua. Beti hizo Warusi wengi wanazijua kwa moyo. Hata hivyo, Darya, mjane wa shairi hilo, anaganda kwa baridi msituni alikokwenda kukata kuni, na uzuri wa beti waweza kutusahaulisha kwamba nguvu anazosifiwa ndizo zilizomwezesha kutwishwa kazi ya watu wawili.

Mwandishi Chekhov, ambaye babu yake alizaliwa mtwana, hakumpamba mwanamke huyu. Katika hadithi yake ya mwaka 1897 kuhusu wakulima, wakazamwana wawili wanaishi katika kibanda kimoja chenye moshi: Marya, anayepigwa na mume mlevi na kutamani kufa, na Fyokla, mkali wa maneno, anayeyaona maisha hayohayo kuwa yanamfaa. Kwa kuwaweka pamoja, Chekhov anavunja dhana kwamba mwanamke mkulima ni mmoja tu, mvumilivu na mtakatifu.

Lakini panapostahili kusomwa polepole zaidi ni sehemu ya utenzi mwingine mrefu wa Nekrasov inayomhusu mwanamke mkulima Matryona, ambapo wakulima saba wanaomtafuta mtu mwenye furaha nchini Urusi wanaelekezwa kwake. Kwa sehemu hiyo Nekrasov alitumia maombolezo ya Irina Fedosova, mwombolezaji wa eneo la Olonets, kaskazini mwa Urusi, asiyejua kusoma, ambayo mkusanyaji Barsov aliyaandika kutoka kinywani mwake na kuyachapisha mwaka 1872. Hivyo ndani ya utenzi wa kabaila inapita sauti ya mwanamke mkulima halisi, pamoja na mpangilio wake wa kulia na kurudiarudia majina ya mapenzi ya wafu. Matryona anawasimulia wageni juu ya mtoto wake mchanga aliyeuawa na nguruwe, na juu ya siku aliyolala chini achapwe fimbo badala ya mwanawe mwingine. Kisha anawaambia kwamba si jambo la maana kumtafuta mwenye furaha miongoni mwa mababa, kwa kuwa funguo za furaha ya wanawake zimepotea, na hata Mungu mwenyewe hajui zilipo.