Mwili haujazoea dawa, uvimbe ndio uliobadilika

Mgonjwa wa saratani ya mapafu anameza gefitinib, uvimbe unanywea, kisha baada ya miezi kadhaa unaanza kukua tena. Hapo utasikia: "Mwili umeshazoea dawa." Sivyo. Mwili haujazoea chochote.

Seli za uvimbe mmoja hazifanani. Zinapogawanyika hukosea kunakili DNA, na kosa hurithiwa na vizazi vya seli hiyo. Gefitinib huziba EGFR, protini yenye hitilafu inayozisukuma seli zigawanyike, na zinazoitegemea hufa. Lakini ikiwapo seli yenye badiliko la T790M, yaani asidi-amino (kijenzi cha protini) moja tu ya EGFR, ya 790, imebadilishwa na nyingine, dawa haifui dafu. Seli hiyo husalia na kuzaana, kama gugu lililoponea jembe. T790M huonekana kwa takriban nusu ya wagonjwa ambao dawa za aina hii zimeacha kuwafaa, kwa hiyo tusiwashuku kwamba waliruka dozi.

Ndiyo maana daktari huagiza damu au kipande kidogo cha uvimbe kipimwe upya. T790M ikionekana, ipo dawa nyingine, osimertinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Nayo hukwepwa, wakati mwingine kwa badiliko jingine, C797S.