Daftari tupu la Januari

Shule zikishafunguliwa Januari, haichukui muda utasikia mzazi ndani ya daladala ya Mbagala akilalamika: "Mwanangu yuko darasa la kwanza, kila siku nyimbo na vizibo vya soda. Daftari halina hata vema moja!" Wengi wanaamini daftari likiwa tupu, basi mwalimu hafundishi.

Sivyo. Mtaala wa mwaka 2015 uliweka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mbele ya yote kwa darasa la kwanza na la pili. Na kusoma huanzia masikioni. Mtoto anapopiga makofi akitamka u-me-me, anajifunza kuligawa neno katika silabi. Kiswahili kinambeba hapo: akizijua irabu 5 na sauti ya m, tayari anaweza kusoma mama, mimi, ama, na huo umeme wenyewe (neno ambalo mtoto wa Dar halihitaji kuelezwa, hasa ukikatika).

Vizibo navyo ni hesabu. Anavipanga 3 hapa, 4 pale, anaviunganisha na kuhesabu upya. Akirukia kuandika 3 + 4 = 7 kabla ya hapo, mara nyingi anakariri tu.

Kuna walimu wanaotegea, sikatai. Ila daftari halitakuonyesha. Jioni mwambie mwanao akutajie maneno yanayoanza na ba, au akuhesabie maandazi mezani. Akikwama wiki baada ya wiki, nenda kaonane na mwalimu wake.