Metali inayohimili moto si ile isiyoungana na oksijeni

Wengi huamini kwamba metali ya kuhimili moto mkali ni ile isiyoungana kabisa na oksijeni. Ukweli ni kwamba, ukiacha dhahabu na jamaa zake wachache, karibu kila metali ikipashwa joto hewani huungana nayo. Kinachozitofautisha ni utando unaojengeka juu yake.

Chukua NiAl, kiwanja cha metali mbili ambamo atomi za nikeli na aluminiamu zimejipanga kwa mpangilio maalumu. Kwenye nyuzi 1,000 za Selsiasi, aluminiamu ya juu hushika oksijeni na kuwa alumina, utando mwembamba unaokua polepole mno, kwa sababu oksijeni huupenya kwa shida. Oksidi yenyewe, yaani kile kinachotokana na metali kuungana na oksijeni, ndiyo mlinzi.

Wala wingi wa aluminiamu hautoshi. TiAl, inayotengenezewa baadhi ya mapanga ya turbini katika injini za ndege za GEnx, karibu nusu ya atomi zake ni aluminiamu. Lakini titaniamu nayo huivuta oksijeni kwa nguvu inayokaribiana, hivyo hutokea utando mseto usiolinda vyema joto likipita nyuzi 800 hivi.

La kushangaza zaidi ni MoSi2, ya molibdenamu na silikoni. Vijiti vyake hupasha tanuri zaidi ya nyuzi 1,600, hewani, vikilindwa na silika, oksidi ya silikoni iliyo kama kioo. Lakini kwenye nyuzi 500 tu, huweza kumomonyoka kuwa unga: oksidi ya molibdenamu huvimba ndani ya nyufa kabla silika haijaziziba. Ndiyo maana vijiti hivyo huchomwa kwanza kwenye joto kali, ili vivae silika kabla ya kuanza kazi.