Kiolezo cha ripoti ni nini, na kukirekebisha maana yake nini?

Seremala anayechonga miguu ya viti hapimi kila mguu upya. Ana kipande cha ubao alichokikata kwa makini mara moja. Anakilaza juu ya mbao, anapitisha penseli ukingoni, basi. Kipande hicho ndicho kiolezo. Kwenye programu za kusimamia miradi neno linafanya kazi ileile: ni ripoti ambayo umbo lake limeshapangwa lakini haina tarakimu zake yenyewe. Data inaipata kwenye mradi. Ukiifungua leo unaona hali ya leo, ukiifungua wiki ijayo umbo ni lilelile na namba ni mpya.

Ndani yake mmefungwa maamuzi kadhaa: safu zipi zionekane, kazi zipi zipite kwenye kichujio, zipangwe kwa tarehe au kwa mhusika, jumla ihesabiwe wapi. Nembo, fonti na rangi pia zimo, na kwa bahati mbaya ndizo wengi huanza nazo. Nimeona mtu akimaliza asubuhi nzima kwenye kivuli cha kichwa cha jedwali, na jedwali lenyewe bado linaorodhesha kila kazi ya mradi, hata zilizokwisha zamani.

Violezo vinavyokuja na programu vimetengenezwa kwa ajili ya mradi wowote ule. Kuvirekebisha ni kuvibana vijibu swali la mtu fulani. Tuseme msimamizi wa timu anataka kujua nani amekwama. Weka masharti mawili kwenye kichujio: tarehe ya kumaliza imeshapita, na kazi haijakamilika. Kusanya matokeo kwa jina la mhusika. Bakiza safu tatu: kazi, tarehe iliyopangwa, siku ilizochelewa. Ripoti iliyokuwa kurasa kadhaa inaweza kubaki nusu ukurasa, na hiyo nusu itasomwa.

Hapo kwenye tarehe pana mtego. Ukiandika kwenye kichujio “kuanzia 1 Machi”, kiolezo kitafanya kazi vizuri Machi yote. Juni bado kitakuwa kinakuletea ya Machi, bila onyo lolote, kwa kuwa kimetii ulichokiambia. Tumia tarehe inayosogea pamoja na siku. Kwenye Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu, kwa mfano, sharti resolved >= -7d hurudisha kazi zilizofungwa katika siku 7 zilizopita, siku yoyote utakayoifungua.

Mtego wa pili uko kwenye kuchagua safu, maana majina hufanana na hesabu ni mbali. Microsoft Project ina asilimia ya ukamilifu na asilimia ya kazi iliyofanyika. Ya kwanza hupima muda, ya pili hupima saa za kazi. Chukua kazi iliyopangiwa siku 10 na saa 40, nyingi ya saa hizo zikiwa mwishoni. Siku 5 zimeshatumika, saa zilizofanyika ni 8. Safu ya kwanza itasema asilimia 50, ya pili asilimia 20. Zote mbili ni sahihi. Ila bosi akiona 50 atadhani mko nusu njia, na ni wewe uliyemwekea safu hiyo.

Jambo jingine ni mahali kiolezo kinapokaa. Kwenye Microsoft Project, ambayo ilipata ripoti hizi za michoro katika toleo la 2013, ripoti uliyoirekebisha hubaki ndani ya faili la mradi huo tu. Fungua mradi mwingine, hutaiona. Ili ipatikane kwenye miradi yako mingine huna budi kuinakili kwenda Global.mpt, faili linalotumiwa na miradi yako yote, kwa kutumia Organizer, dirisha la kunakili vitu kati ya mafaili. Kwenye Jira tatizo huwa la ruhusa: unawashirikisha wenzako dashibodi, yaani ukurasa wa muhtasari, lakini kichujio kinachoilisha umekiacha kiwe cha kwako peke yako. Kwako inapendeza, kwao haionyeshi kitu, na mnaanza kubishana kama mnaangalia ukurasa mmoja.

Kwa hiyo usiguse kiolezo cha asili. Kinakili, kipe jina linalosema kazi yake, “Zilizochelewa kwa mhusika” badala ya “Ripoti mpya 2”, kisha uhariri nakala. Kabla ya kuwapa wengine, tafuta kazi moja unayojua kwa hakika imechelewa na nyingine uliyoifunga jana. Ya kwanza lazima iwemo, ya pili lazima isiwemo. Ikiwa sivyo, rudi kwenye kichujio, rangi zitasubiri.