Kengele nane: namna ya kutunza kumbukumbu za wenzetu wa chuo cha ubaharia waliotangulia

Waliohitimu pamoja chuo cha ubaharia hutawanyika upesi. Ndani ya miezi michache mmoja yuko kwenye meli ya makontena, mwingine kwenye meli ya mafuta, wa tatu kaachana na bahari na anakagua mizigo bandarini. Mmoja wao akifariki, habari huwafikia wenzake vipande vipande: ujumbe wa simu usio na tarehe, picha ya zamani yenye mshumaa pembeni, jina la meli lililokosewa herufi. Miaka ishirini ikipita, darasa moja linakuwa na orodha tatu za marehemu, na hazifanani.

Ushauri wetu kwa madarasa yanayotaka kuwakumbuka wenzao ni kwamba orodha ya marehemu iandikwe kwa nidhamu ya kitabu cha logi, yaani daftari rasmi la matukio ya meli. Kinachoingia ni kile kilichothibitishwa, na aliyeleta habari anatajwa. Kosa likigundulika, hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya chini yasomeke, kisha anayerekebisha anatia saini na tarehe. Hakuna kufuta.

Nani anaandika, na anaandika nini

Darasa lichague mtunza orodha mmoja na wasaidizi wawili, mmoja wa sitaha, yaani upande wa kuongoza meli, na mmoja wa injini. Watu wa fani hizi mbili walikula meza moja chuoni lakini baada ya hapo kila upande una mtandao wake wa habari, na kifo cha injinia kinaweza kukaa mwaka mzima bila maofisa wa sitaha kukisikia.

Kila mstari ubebe jina kamili kama lilivyo kwenye kitabu cha baharia, namba ya kadeti (mwanafunzi wa ubaharia), fani, mwaka wa kuingia chuo, cheo, meli au kazi ya mwisho, tarehe na mahali pa kifo, mahali alipozikwa, na chanzo cha habari. Namba ya kadeti isiachwe. Majina hufanana, watu huoa na kuolewa, wengine hubadili dini na majina, na lile jina la utani ambalo darasa zima lilimwita huenda mke wake hajawahi kulisikia. Namba haibadiliki. Hata hivyo isomwe mara mbili kabla ya kuandikwa, maana 14 na 41 zinapishana kwa urahisi, na mzima akitangazwa marehemu hakuna samahani inayotosha.

Cheo nacho kina mtego wake. Baharia anaweza kuwa na cheti cha unahodha huku akisafiri kama chifu ofisa, yaani msaidizi mkuu wa nahodha, kwa sababu nafasi ya nahodha haijapatikana. Wenzake wanamwita kapteni, hati za meli zinasema chifu ofisa, na familia haijui ishike lipi. Andikeni vyote viwili, cheti alichokuwa nacho na kazi aliyokuwa akiifanya, na mabishano yataisha hapo.

Kifo kithibitishwe na vyanzo viwili visivyotegemeana, kimoja kikiwa familia au hati. Watu watano waliosambaza ujumbe uleule ni chanzo kimoja. Na kabla ya tanzia kutoka, mtunza orodha ajiridhishe kwamba ndugu wa karibu wameshaambiwa. Kifo kikitokea melini, nahodha huiarifu kampuni, kampuni au wakala wake ndio huitafuta familia, na hatua hizo zinaweza kuchukua saa nyingi. Baharia mwenye intaneti ya setilaiti anatuma ujumbe kwa sekunde kadhaa. Kuna wajane waliojua habari kupitia kundi la darasa kabla ya simu ya kampuni.

Tarehe ipi?

Hapa ndipo orodha nyingi zinapoharibika, na sababu yake ni ya kibaharia kabisa. Tuseme mtu amefariki melini saa 21:30 kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, tarehe 3 Machi. Meli ikiwa inatumia saa za UTC+8, logi yake inasoma 05:30 tarehe 4 Machi. Nyumbani kwao, kwenye UTC−5, bado ni saa 16:30 ya tarehe 3. Cheti cha kifo kinaweza kutolewa na nchi ya bendera ya meli (ilikosajiliwa), na bandari mwili ulikoshushwa, au na nchi ya marehemu baada ya mwili kufika, na si lazima zote ziandike siku moja. Fuateni tarehe iliyo kwenye cheti cha kifo, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kwenye mirathi na kwenye kaburi, kisha pembeni muweke tarehe na saa ya logi pamoja na saa za eneo zilizotumika. Kama alifia baharini, nukuuni latitudo na longitudo kutoka logi. Familia huja kuziulizia hata baada ya miaka kumi, na wakati huo meli huenda imeshakatwa chuma chakavu.

Aliyepotea baharini, mwili usipatikane, ana mstari wa namna yake. Andikeni "alipotea baharini", tarehe na mahali alipoonekana mwisho, au mahali meli iliporipoti mwisho. Neno "alifariki" lisubiri tamko la mahakama au mamlaka husika. Muda wa kusubiri hutofautiana sana kati ya nchi na nchi: nyingi huhesabu miaka saba, lakini pakiwa na ushahidi wa wazi kwamba meli ilizama, tamko linaweza kutoka mapema zaidi. Tangazo la darasa linalotangulia tamko hilo huwapa watoto jibu ambalo sheria bado haijawapa.

Wasioachwa nje

Kadeti aliyefariki akiwa kwenye mafunzo, kabla ya kupata cheti, ni wa darasa lile. Bahari imechukua kadeti wengi. Meli ya mafunzo ya Denmark, København, iliondoka Buenos Aires tarehe 14 Desemba 1928 ikiwa na watu 60, wengi wao kadeti, na haikuonekana tena. Pamir ya Ujerumani ilizama Atlantiki tarehe 21 Septemba 1957. Kati ya watu 86 waliokuwamo walipona 6. Chuo cha Kings Point nchini Marekani kinawataja kadeti wake 142 waliokufa katika Vita Kuu ya Pili, na hao walikufa kabla ya kumaliza masomo. Kwa hiyo darasa linaloanzia kwenye orodha ya wahitimu limekwishawasahau baadhi ya watu. Anzeni na orodha ya walioingia.

Chanzo cha kifo kiwe kwenye safu isiyosomwa hadharani, na kijazwe kwa idhini ya familia. Kujiua na maradhi yanayonyanyapaliwa ni mambo ya familia kuamua kama yasemwe. Ajali iliyochunguzwa rasmi ni jambo tofauti, kwa sababu ripoti za uchunguzi kwa kawaida huchapishwa, na darasa lililo na walimu na wakaguzi linaweza kuzitumia kufundishia. Vifo vya ndani ya matangi na vyumba vilivyofungwa ndivyo mfano wetu wa kila mara: hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, tangi lenye kutu linaila hiyo oksijeni polepole bila harufu yoyote, wa kwanza anaanguka, na wa pili anamfuata kumvuta bila kifaa cha kupumulia.

Haki za familia

Maua hunyauka, lakini mwanadarasa anayejua kusoma mkataba wa ajira ya baharia anaweza kuifaa familia kwa miaka. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, MLC, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unamtaka mwenye meli alipe gharama za mazishi ya baharia aliyefariki melini, au nchi kavu akiwa bado ndani ya kipindi cha ajira yake. Unamtaka pia atunze mali aliyoiacha marehemu melini na kuifikisha kwa ndugu. Sheria za nchi zinaweza kuweka mipaka, mfano pale baharia alipoficha ugonjwa makusudi wakati wa kuajiriwa.

Tangu 18 Januari 2017, meli inayofuata mkataba huo inatakiwa ibandike mahali pa wazi cheti cha dhamana ya fedha kwa ajili ya fidia ya kifo au ulemavu. Cheti hicho kina jina na anwani ya mtoa dhamana, mara nyingi klabu ya bima ya wenye meli, na familia inaruhusiwa kumdai moja kwa moja. Mwanadarasa aliye kwenye kampuni ileile anaweza kupata nakala kwa barua pepe moja. Fidia ya kimkataba inatakiwa ilipwe kamili na bila kuchelewa, na ni marufuku kuishinikiza familia ikubali pungufu. Kwa hiyo mjane akiletewa karatasi ya "malipo ya mwisho" wiki ya mazishi, mwambieni asisaini kabla haijasomwa na mwanasheria au chama cha mabaharia. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024 yanazitaka nchi wanachama kuchunguza na kuandikisha vifo vya mabaharia na kuviripoti kila mwaka kwa Shirika la Kazi Duniani. Kifo kikionekana kumalizwa kimyakimya, kuna mahali pa kuuliza.

Mchango wa darasa upite kwenye akaunti yenye saini mbili na ukabidhiwe kwa maandishi. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Kengele na bendera

Zamu ya melini huchukua muda wa saa nne. Kengele hupigwa kila nusu saa ikiongezeka pigo moja, hivyo zamu iliyoanza saa sita usiku ina pigo moja saa sita na nusu, na mapigo manane saa kumi alfajiri, mwenye zamu anapopokewa. Ndiyo sababu kengele nane zikawa ishara ya baharia aliyemaliza zamu yake.

Zipigwe mbili mbili: mapigo mawili ya haraka, kituo kifupi, mawili tena, hadi jozi nne. Kosa linalosikika mara nyingi ni kuuvuta ulimi wa kengele kwa mkono mzima. Ulimi unarudi na kugonga upande wa pili, watu wanahesabu tisa. Shika kamba fupi karibu kabisa na ulimi, uchezeshe kifundo cha mkono tu, na fanya mazoezi siku iliyotangulia. Kila jina likisomwa lipewe pigo moja, sauti iachwe ife yenyewe, ndipo jina linalofuata. Jina, cheo na pigo huchukua sekunde kama kumi, kwa hiyo majina thelathini ni dakika tano. Kengele nane zije mwishoni, mara moja kwa ajili ya wote. Msomaji apate matamshi ya majina kutoka kwa familia mapema.

Bendera ya nusu mlingoti hupandishwa kwanza hadi kileleni, kisha ndipo ishushwe, nafasi inayobaki juu yake isipungue upana wa bendera yenyewe. Wakati wa kuiteremsha, inarudishwa kileleni kwanza. Kwa siku ya kumbukumbu wengi huchagua 25 Juni, Siku ya Mabaharia, ingawa tarehe ya kuhitimu inakumbukwa kwa urahisi zaidi.

Majivu na kibao

Majivu ya mtu mzima huwa kilo mbili hadi tatu. Ulizeni sheria ya maji hayo kwanza: Marekani inataka mtawanye umbali usiopungua maili tatu za baharini kutoka pwani na kutoa taarifa ndani ya siku 30, wakati Uingereza majivu hayahitaji leseni ingawa kuzika mwili baharini kunahitaji. Simamisheni injini, nendeni upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, na kishusheni chombo hadi kwenye maji kabla ya kukifungua. Anayemwaga akiwa juu ya reli, upande wa joshi, majivu yatamrudia yeye na mjane. Mfuko wa plastiki wa ndani utolewe, na mashada yasiwe na waya wala maua ya plastiki.

Kibao cha ukutani kifuate tarehe za vifo badala ya alfabeti, ili jina jipya liingie chini bila kuvuruga yaliyopo, na nafasi ya kutosha iachwe. Karibu na bahari tumieni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, maana 304 huanza madoa kwa chumvi. Skrubu ziwe za chuma hichohicho. Inashangaza jinsi watu waliofunga zinki kwenye matumbo ya meli kuzuia kutu maisha yao yote wanavyofunga kibao cha shaba kwa misumari ya chuma cha kawaida, kisha wanauliza mbona ukuta unatoa michirizi ya kahawia.

Mara moja kwa mwaka mtunza orodha awaandikie walio hai wote athibitishe anwani, ndugu wa karibu na jina kamili. Asiyejibu miaka mitatu awekwe "hajulikani alipo", asihamishiwe kwa marehemu. Nakala tatu za orodha zikae sehemu tatu, na nywila ya faili ijulikane na wasaidizi wote wawili, kwa kuwa mtunza orodha naye ana namba yake ya kadeti, na mmoja wao ndiye atakayeujaza mstari wake.