Darasa la tisa likiharibika, chuo Marekani bado kinawezekana?

Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa hai skuli za Marekani na aplikesheni za chuo, na kila mwaka wa masomo ukiisha simu zinaanza: mtoto kamaliza la tisa ana C za kutosha na D ya hesabu, mzazi anauliza ndo basi tena? Sio basi. Ila na wale wanaowapooza wenzao eti mwaka wa kwanza hauangaliwi, nao wanadanganya kwa nusu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Hai skuli ni miaka minne, la 9 mpaka la 12, kwa hiyo watu wanadhani la 9 ni robo ya GPA (wastani wa alama zote, A ni 4.0). Sasa angalia kalenda: vyuo vingi wanaowahi wanatuma karibu na Novemba 1, wengine karibu na Januari 1, na muda huo transkripti (karatasi ya alama zote za hai skuli) ina miaka mitatu tu iliyokamilika, yaani la 9 limeshakuwa theluthi. Mtoto aliyepata 2.3 la 9, akaamka, akapata 3.8 la 10 na 3.8 tena la 11, anaomba chuo akiwa na 3.3. La 12 likimpandisha hadi 3.4 na kitu, barua za majibu zinakuwa zimeshatoka zamani (vyuo vingi huwa vinaomba alama za nusu mwaka wa la 12, hizo zinasaidia kweli, msizidharau).

Halafu kila mlango una sheria zake. University of California (UC, chuo kikuu cha serikali chenye kampasi kadhaa) GPA yao wanaipiga kwa masomo ya kuanzia kiangazi baada ya la 9 hadi kiangazi baada ya la 11, alama za la 9 hazimo. Mkishangilia mkumbuke kwamba masomo ya la 9 bado yanatakiwa yawe na C au zaidi ndo yaingie kwenye masomo 15 ya hai skuli wanayoyadai, na anayesoma faili anaziona alama zote. Texas ni kinyume kabisa, kule kuna sheria ya 1997 ya kuwaingiza moja kwa moja vyuo vya serikali walio kwenye asilimia 10 ya juu shuleni kwao, na UT Austin (Chuo Kikuu cha Texas, kampasi ya Austin) wamebana mpaka asilimia 5 kwa wanaoingia kuanzia 2026, na hiyo nafasi ya mtoto kati ya wenzake shuleni kwa kawaida inahesabiwa toka la 9, kwa hiyo C za mwanzo zinakufuata. Skolashipu ya HOPE ya jimbo la Georgia nayo inataka 3.0 kwa masomo ya msingi ya hai skuli yote, la 9 likiwemo. Na kama mtoto anategemea mpira, NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) kwa Division I, daraja lao la juu, wanataka masomo ya msingi 16, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla la 12 halijaanza, kwa hiyo hamna kusubiri mwaka wa mwisho.

Vyuo binafsi vinapenda kuona alama zinapanda, ni kweli, ila vile vinavyokataa karibu kila mtu vina waombaji tele ambao hawakuwahi kushuka, kwa hiyo sipendi kumwambia mtoto kwamba kupanda kunafuta kila kitu.

Mimi kinachonitisha zaidi ya GPA ni ngazi ya hesabu. Aljebra ya kwanza, jiometria, aljebra ya pili, prikalkulasi, kalkulasi, huwezi kuruka. Aliyefeli aljebra ya kwanza la 9 akairudia la 10, anafanya jiometria la 11 na aljebra ya pili la 12, basi, anamaliza shule hata prikalkulasi hajaigusa, na huyo ndo alikuwa anataka uinjinia! Ndo maana D ya hesabu naishughulikia kiangazi kilekile, arudie, au la 10 asome jiometria sambamba na aljebra anayoirudia kama shule inaruhusu. C ya historia naiacha ilivyo.

Kuhusu kujieleza: kama kuna sababu, ugonjwa, msiba, kuhamia nchi mpya na Kiingereza bado kigumu, iandikwe kwenye sehemu ya maelezo ya ziada ya Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi), sentensi tatu nne zinatosha, na kaunsela wa shule aitaje pia kwenye barua yake maana yeye anaaminika zaidi. Insha kuu iacheni iongelee kitu kingine. Na kama sababu ni uvivu tu msitunge, alama za la 10 na la 11 zitajieleza zenyewe.

Ikishindikana kote, kuna vyuo vya jamii vya miaka miwili. California vinampokea yeyote mwenye diploma ya hai skuli, na baadaye kampasi sita za UC zina mkataba wa kumhakikishia nafasi akifikisha GPA na masomo wanayotaka (Berkeley, UCLA na San Diego hazimo), na GPA wanayoiangalia hapo ni ya chuo, alama za la tisa hazina kazi tena.